Kaka ameitwa polisi kwa pesa za SAGE (ruzuku ya serikali ya Uganda kwa wazee) za bibi marehemu: afanyeje?

Dada, kwanza asiandikishe maelezo peke yake. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, inampa anayekamatwa haki ya wakili na kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Akishikiliwa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi haina malipo, hata wakikuambia utoe pesa "ya karatasi". Wadhamini waje na vitambulisho vya taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji).

Wakili wa serikali wa bure msimtegemee hapa: huyo ni kwa makosa ya kunyongwa au kifungo cha maisha. Nendeni Justice Centres Uganda au mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society. Mwanamke anaweza kwenda FIDA pia, chama cha mawakili wanawake.

Kesi hizi huamuliwa na tarehe. Pesa ni shilingi 25,000 kwa mwezi lakini hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa, kwa hiyo malipo ya baada ya mazishi yanaweza kuwa ya miezi ambayo bibi alikuwa hai. Leteni cheti cha kifo cha NIRA (mamlaka ya usajili na vitambulisho), kumbukumbu za malipo, na uthibitisho kwamba kaka aliandikishwa kumpokelea. Kama kuna aliyepewa taarifa ya kifo, ofisa wa parokia (eneo la utawala la vijiji kadhaa, si la kanisa) kwa mfano, ajulikane mapema.

Na lile la "rudisha tu yaishe": asirudishe kitu wala kusaini ahadi ya kulipa kabla wakili hajaisoma. Karatasi hiyo huweza kutolewa mahakamani kama kukiri kosa.