Basi kwa wanawake, ndege kwa wanaume

Dada, umeuliza kama ni halali chuo chenu huko Marekani kuwasafirisha wanaume kwa ndege huku ninyi wa voliboli mkikesha kwenye basi, magoti yakigusa kiti cha mbele. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu nchini humo, haidai kila timu itumiwe fedha sawa. Hupima jinsi wanamichezo wa kike na wa kiume wanavyotendewa kwa jumla, katika safari, vifaa, ratiba na matibabu, hivyo safari moja haitoshi kuwa ushahidi. Andika tarehe, umbali na usafiri wa kila mechi, kisha umpelekee mratibu wa Title IX chuoni. Kocha mwarifu tu. Bajeti, aghalabu, si yake. Kulipiziwa kisasi kwa kulalamika kumekatazwa.