Krismasi New York: Soko la Baridi Ndilo Soko Letu

Wengi wetu tulioko New York, baridi ikishaanza kuuma, tunaacha kwenda soko la wakulima. Tunaona mashamba yamelala, basi na meza zitakuwa tupu. Mimi naona kinyume kabisa. Soko la kiangazi ni la watu wa saladi: nyanya za kila rangi, maua ya kuliwa, stroberi za kumaliza mshahara. Desemba ndipo meza zinapojaa chakula chetu: sukuma wiki, kabichi, boga, viazi vitamu, karoti, vitunguu, mayai, hata nyama ya mbuzi. Kama unaandaa Krismasi au una wageni wa mwaka mpya, anzia huko kabla hujaingia supamaketi.

Nazungumzia hasa soko la wakulima lililo kwenye bustani ya Union Square, Manhattan. Liko wazi mwaka mzima, siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Treni za 4, 5, 6, L, N, Q, R na W zote zinasimama hapo, kwa hiyo anayetoka Bronx au Queens hana kisingizio. Ila ukitokea upande wa kusini wa bustani msimu huu utakutana kwanza na vibanda vya sikukuu: mishumaa, soksi, mapambo, vikombe vya chokoleti ya moto. Hao si wakulima. Vibanda hivyo huja kuanzia Novemba na huondoka mkesha wa Krismasi, na mara nyingi nimesikia mtu akisema "soko la Union Square ni ghali, halina chakula" kumbe aliishia hapo. Pita katikati yao, uelekee magharibi na kaskazini ya bustani. Ukianza kuona magari ya shamba yameegeshwa nyuma ya meza, umefika.

Soko hili ni moja ya masoko ya wakulima yaitwayo Greenmarket, yaliyoanza mwaka 1976. Barry Benepe, mtu wa mipango miji, na mwenzake Bob Lewis waliwaalika wakulima waje kuuza wenyewe mjini. Kanuni ni kwamba muuzaji anauza kile alichokilima, alichokifuga, alichokivua au alichokioka mwenyewe. Hakuna dalali. Ndiyo maana hutapata ndimu, ndizi, nazi wala embe, hata ukizunguka mpaka miguu igande. Vitu hivyo pamoja na iliki, bizari na pilipili kali vifuate Jackson Heights, mtaa wa Queens, kwenye maduka ya Wahindi na Wabangladeshi. Usije Union Square na orodha ya mama wa nyumbani Mombasa halafu ukasirike. Tazama kwanza meza zina nini, ndipo upange utapika nini.

Tuanze na sukuma. Kibao kitaandikwa *collards*, majani mapana ya kijani yaliyofungwa mafungu makubwa kuliko yale ya gengeni kwetu. Jalidi ikishayapiga yanakuwa matamu, kwa sababu mmea unageuza wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyomo ndani yasigande upesi. Ila huwa magumu kidogo kuliko ya nyumbani. Toa ule uti wa katikati, viringisha majani pamoja, katakata nyembamba kabisa, na uyape muda zaidi jikoni. Nyanya za Desemba za nyumba za vioo mimi sizitaki, zinagharimu sana na hazina ladha. Nyanya za kopo zinakaanga vizuri zaidi.

Boga nalo lina mambo yake. Lile la rangi ya mchanga lenye shingo ndefu, ambalo kila Mmarekani analipikia supu, lina maji mengi kwa matumizi yetu. Tafuta linaloitwa kabocha, la duara, ngozi ya kijani iliyokolea. Likiiva linakuwa kavu, la unga na tamu, kama boga la kuchemsha tulilokula na chai asubuhi. Hilo ndilo la kupika na tui la nazi. Chagua lenye kikonyo kilichokauka, na lenye uzito mkononi kuliko unavyolitarajia. Ngozi ni ngumu, hivyo lichemshe zima dakika chache kabla ya kulipasua, usije ukapeleka kidole hospitali.

Baridi yenyewe iangalie. Siku zile ambazo hewa iko chini ya sifuri, wauzaji hufunika mboga za majani kwa mablanketi au plastiki, na unalazimika kuomba ufunuliwe. Omba tu, hawachukii. Majani yaliyoganda juu ya meza yataonekana mazuri pale pale, lakini yakifika kwenye joto la nyumba yako yanalegea na kutoa maji. Viazi vilivyoganda ni hasara zaidi: ndani vinakuwa na maji na vinageuka rangi. Kuna mama mmoja namnunulia viazi, na nikimuuliza kama vimelala ndani ya gari, hunijibu bila kuinua uso, "Mimi na viazi tumelala ndani, mume wangu ndiye aliyelala nje." Muuzaji anayejibu hivyo rudi kwake tena.

Kuhusu bei, tusidanganyane. Mayai na nyama ni ghali kuliko dukani. Mboga za majani, kabichi na viazi mara nyingi bei inakaribiana, na kabichi la hapa ni zito, moja linalisha watu wengi. Kubishana bei kama Kariakoo au Marikiti haifanyi kazi, watakutazama tu. Njia ni nyingine. Uliza matofaa yenye makovu ya kupikia, ambayo huuzwa kwa bei ya chini. Uliza bei ya kununua kwa wingi ukiwa na wenzako wawili mgawane. Au nenda saa za mwisho, ingawa Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu, na kukiwa na upepo mkali wengine hufunga mapema. Wenye kadi ya SNAP, yaani msaada wa serikali wa chakula, waanzie kwenye hema la taarifa la soko: unapewa namna ya kulipia, na jiji lina kuponi za Health Bucks zinazokuongezea matunda na mboga juu ya ulichonunua. Waulize kikomo cha siku.

Nyama ya mbuzi kwa kawaida huja imegandishwa, vipande vidogo kwenye plastiki. Ukitaka paja zima, au mifupa ya mchuzi, mwambie mfugaji wiki mbili kabla, akikujua atakuletea. Bata mzinga hali kadhalika, huagizwa mapema na hulipiwa amana. Lakini kwa sufuria ya pilau ya watu thelathini, kusema kweli, mimi huenda kwa mchinjaji wa halali mtaani. Na Waislamu wenzetu waulize: nyama ya sokoni imekaguliwa na serikali, hiyo haimaanishi imechinjwa kwa halali.

Kitu kimoja usikiache: juisi ya matofaa, ile nzito ya rangi ya kahawia inayouzwa kwa galoni. Wamarekani huitia mdalasini basi. Wewe itie mdalasini, iliki iliyopondwa, karafuu mbili tatu na kipande cha tangawizi, ichemke taratibu, halafu wape wageni kabla ya chai. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanaipenda kuliko soda. Matofaa yenyewe onja kwanza, wauzaji wengi hukukatia kipande. Kama unataka ya kukaa mpaka Februari, ulizia aina iitwayo GoldRush. Likikaa ndipo linapokuwa tamu.

Mimi hupenda Jumatano au Ijumaa asubuhi. Jumamosi wauzaji ni wengi zaidi, lakini wiki ya kabla ya Krismasi huwezi hata kugeuza kigari chako. Beba kigari chenye magurudumu, mifuko yako, na glavu za vidole wazi ili uweze kushika mboga na kulipa. Krismasi au Mwaka Mpya ikiangukia siku ya soko, tazama matangazo yao ya wiki hiyo kabla ya kutoka, kwa sababu ratiba hubadilika.

Ukifika nyumbani, kata majani ya karoti mara moja, la sivyo yatazinyonya maji. Matofaa yaweke peke yake, mbali na karoti: yanatoa hewa inayofanya karoti ziwe chungu. Boga lisiingie friji, liweke kabatini mbali na hita. Kabichi lifunge vizuri, na kila siku ng'oa majani ya nje unayohitaji badala ya kulipasua. Hivyo hivyo mpaka katikati ya Januari.