Jibu: Kuingia mapema Magic Kingdom na watoto wawili

Dada, umeuliza kama zile dakika 30 za kuingia mapema kule Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney huko Orlando, Marekani, zinatosha kwa lolote la maana. Zinatosha, mradi ziwakute tayari mko getini. Wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa nusu saa kabla ya wengine, kila siku, lakini kuna ukaguzi wa mifuko, na ukifika dakika ya mwisho muda wako unaishia hapo. Mimi hufika saa nzima kabla. Pandeni basi la hoteli, linashusha karibu na geti. Wenye magari huegesha ng'ambo ya ziwa, kisha wavuke kwa kivuko au treni ya reli moja.

Nusu saa hiyo hufunguliwa sehemu mbili tu za bustani, Fantasyland na Tomorrowland, kwa hiyo chagueni upande mmoja. Ningeanza na Peter Pan's Flight: mchezo mfupi, ila foleni yake mchana inachosha watoto vibaya mno. Seven Dwarfs Mine Train ni mzuri pia, lakini mpime mdogo kabla hamjaondoka nyumbani. Asipofika sentimita 97 hapandi, na kilio chake getini kitakuumiza moyo. Space Mountain wanataka 112.

Chakula cha nje kinaruhusiwa. Sisi tulibeba uji kwenye chupa ya chai, watoto wakanywa tukiwa foleni. Picha za kasri pigeni jioni, taa zikishawashwa.