Mtunzi wa Dresden na mji ulioungua

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Nilisikia redioni wimbo wa Kijerumani usio na ala, wenye maneno ya Maombolezo ya Yeremia, nikaambiwa mtunzi ni Rudolf Mauersberger. Ni nani huyu, nami nianze na rekodi ipi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu Mwalimu, Mauersberger alizaliwa mwaka 1889 katika kijiji cha Mauersberg, jimbo la Saxony, Ujerumani, na tangu 1930 hadi alipofariki mwaka 1971 aliiongoza Kreuzchor, kwaya ya wavulana ya Kanisa la Msalaba mjini Dresden.

Usiku wa 13 Februari 1945 mji huo ulipigwa mabomu, kanisa likaungua, na wavulana 11 wa kwaya yake wakafa. Wiki sita baadaye, Ijumaa Kuu na siku iliyofuata, aliandika wimbo uliousikia, ambao uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Agosti ndani ya kanisa lile lile lililoungua. Hakuyafuata Maombolezo kwa mpangilio wake, bali aliteua aya moja moja: mji uliojaa watu sasa umekaa ukiwa, kisha moto kutoka juu unaingia mifupani. Baadaye sauti zinauliza "kwa nini", zikalirudia neno hilo, na mwisho panabaki ombi kwa Bwana ayaangalie mateso. Sijui namna bora ya kumfundisha mwanakwaya kutamka neno moja kwa uzito wake kuliko kumsikilizisha sehemu hiyo.

Rekodi zilizompa sifa nyingi ni za kazi za wengine, hasa Schütz na Bach. Mojawapo ni Mateso ya Mathayo ya Bach, yaani mateso ya Yesu kama yalivyosimuliwa katika Injili ya Mathayo, aliyoirekodi mwaka 1970 pamoja na ndugu yake Erhard na kwaya ya Mtakatifu Thomas ya Leipzig. Hiyo ni nzuri sana, lakini ndani yake utamsikia kiongozi wa kwaya, si mtunzi. Kwa hiyo anza na wimbo ule wa Maombolezo, kisha utafute Dresdner Requiem, misa ya wafu aliyoiandika kwa ajili ya mji wake, na ambayo imerekodiwa na Kreuzchor yenyewe. Humo kwaya ni tatu, zikisimama mahali mbalimbali kanisani, moja ikiimba kutoka mbali. Usiisikilize kwenye simu. Tumia spika mbili zilizoachana, chumba kikiwa kimya, maana kwaya ile ya mbali huimba kwa sauti ndogo mno.