Pwani na kupwa: barua kwa mwanangu aliye Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi hapa Bagamoyo hatujambo. Umeuliza kama ni kweli, alivyokwambia mwenzako wa kazini, kwamba neno "pwani" tumelitoa kwa Waarabu.

Si kweli. Kilichotoka kwao ni jina la lugha yetu: sawahil kwa Kiarabu ni pwani, ndipo tukaitwa Waswahili. Lakini pwani ni neno la Kibantu tupu. Limetokana na kupwa, yaani maji kushuka na kuacha nchi kavu, likatiwa -ni kama nyumbani na shambani. Msikilize mvuvi: husema "maji yamekupwa", na ile ku haibanduki, kama ilivyo katika "wamekula" na "amekufa". Vitenzi vyetu vifupi vya asili ndivyo vilivyo. Tena Washona wa Zimbabwe, wasio na bahari, husema kupwa kwa kisima kilichokauka. Hilo hunifurahisha kuliko yote.

Basi kwa asili yake pwani si ukingo wa maji yoyote. Ni pale bahari inapofunika na kufunua, mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kama dakika 50. Ziwani huko huoni maji yakikupwa namna hiyo. Wavuvi wenu wana mwalo, yaani mahali pa kuegesha mitumbwi.

Bamvua, yaani maji makubwa, unaikumbuka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, maji yakaenda mbali hata vyombo vikalala ubavu mchangani. Huko ndiko kupwewa. Nahodha mwenye haraka hununa, lakini kwa fundi wa kalafati ndiyo nafasi: huingia chini ya dau, akazisindika pamba kati ya mbao, nyundo ikilia hadi maji yamfike magotini. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Na kina kifupi cha bahari yetu hapa Bagamoyo kimetugharimu, mwanangu. Meli kubwa zilitia nanga mbali, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891.

Pepo za kusi na kaskazi ulizouliza nitakuandikia wiki ijayo, zina habari ndefu. Wasalimie wajukuu.

Mama yako