Kwa mnaokuja fildi kusini, kabla hamjafungua tepu

Juzi vijana watatu wa fildi kutoka chuo cha misitu Olmotonyi walinikabidhi fomu za ploti za kupimia miti, nikakuta humo mpingo wa kipenyo cha sentimita 81. Nilivua miwani. Mpingo wa namna hiyo ungekuwepo huku Lindi, tungeuzungushia uzio tukatoza kiingilio. Kumbe kijana amesoma tepu upande wa mzunguko. Gawa kwa 3.14, unabaki na mti wa sentimita 26 hivi, ambao ndio kwanza umevuka zile 24, kipenyo cha chini cha kuvunwa. Sikumkaripia sana, maana mwaka wangu wa kwanza nami niliharibu ploti nne kwa mtindo huohuo. Lakini jamani, mpaka lini? Andikeni.

1. Tepu ina pande mbili, someni ule wa kipenyo. Kwenye mteremko, ile mita 1.3 kutoka ardhini, tunapopimia kipenyo, ianzie upande wa juu wa mti. Shina likigawanyika chini ya hapo, kwenye fomu hiyo ni miti miwili.

2. Gonga shina kwa mgongo wa panga kabla hujaandika ujazo. Mpingo uliopitiwa na moto mara nyingi huwa na uwazi ndani. Mzee mmoja wa doria ninayetembea naye huweka sikio kwenye gome kama mganga wa zahanati. Akisema "huu mtungi," usibishane naye.

3. Msivae bluu wala nyeusi, ndorobo, yaani mbung'o, wanazipenda.

4. Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hapa wekeni simu chini.

Ulikuwa mpango wangu wa pili wa usimamizi wa msitu wa kijiji, kijiji sikitaji. Hatua zote tulizipita: kamati ya maliasili, ramani, sheria ndogo, mkutano, sahihi. Kwenye muhtasari nikaandika "wananchi wote waliafiki." Wananchi gani? Wanaume walikuwa kwenye viti chini ya mwembe, kina mama nyuma kwenye mikeka, kimya, nami ule ukimya nikauhesabu kura. Na katika sheria ndogo nilikuwa nimenakili, nakiri, kifungu cha kijiji kingine: marufuku kuchimba mizizi ya aina yoyote. Nilidhani nawazuia wachimba dawa. Sikujua kwamba msitu ule ndiko kina mama wanakochimba ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini. Na ming'oko nilikuwa naila! Kila nikishuka stendi nanunua fungu la kuchemsha, natafuna, wala siulizi imetoka wapi.

Kiangazi kilichofuata wanadoria walimkamata bibi mmoja na muo wake wa kuchimbia na kikapu. Wakamleta ofisi ya kijiji, nami nilikuwepo, nimekuja kukagua bikoni za mpaka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama: "Ndiwe uliyeandika?" Nikasema ndimi. Hakuongeza neno. Akafungua fundo la kanga, akahesabu faini noti moja moja, mtendaji akakata stakabadhi. Ningeweza kusema palepale kwamba kifungu kile ni kosa langu. Sikusema. Kamati yote ilikuwa inanitazama, na mimi ndiye mtaalamu. Nikajifanya nasoma ramani.

Mwezi wa kumi moto ukaingia. Miaka yote kabla ya hapo, wa kwanza kuona moshi walikuwa kina mama wachimbaji, kwa sababu ndio waliokuwa ndani ya msitu mchana kutwa. Mwaka ule hawakuwamo, nilikuwa nimewatoa kwa maandishi na mhuri. Wanadoria waliuona usiku, upande wa mashariki ukiwa umekwisha. Tulipopiga mbiu ya kwenda kuuzima, tulitoka watu kumi na moja.

Mpango tuliupitia upya. Safari hii nilikaa na kina mama peke yao, kisimani, bila mwenyekiti. Bibi yule yule akanipeleka msituni akanionyesha: unafuata mtambaa mpaka shinani, unatoa mizizi, kichwa unakirudisha, shimo unalifukia. Asiyefukia ndiye atozwe. Mimi nilichapa tu, kanuni ni yake.

5. Uchomaji wa mapema, ule wa kukinga moto mkubwa, ufanyike majani yakiwa bado na unyevu, msisubiri posho.

6. Muhtasari uonyeshe waliosema, si waliohudhuria tu. Na ukialikwa chakula, kula, halafu uliza kimetoka wapi. Yule bibi bado huniletea ming'oko kwa bodaboda, imefungwa kwenye mfuko, na ujumbe ni uleule kila mwaka: "Mwambieni Bwana Misitu hii haina kibali."