Kabla hujalipia kipimo cha homoni ya ukuaji

Ukiambiwa umpeleke mtoto mfupi maabara akapimwe homoni ya ukuaji, damu itolewe mara moja tu na majibu jioni, usilipe kwanza. Homoni hiyo hutoka kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kwa vipindi, na nyingi hutoka usiku mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Damu ya saa nne asubuhi inaweza kusoma karibu na sifuri kwa mtoto asiye na tatizo lolote.

Binti yangu aliandikiwa kipimo cha IGF-1. Hii ni homoni nyingine, hutengenezwa zaidi kwenye ini kwa msukumo wa homoni ya ukuaji, na haipandi na kushuka kutwa nzima. Ila mtoto asipokula vizuri, au tezi ya shingo ikiwa imezembea, nayo hushuka. Wangu alikuwa ametoka kuumwa malaria, hata uji hautaki, majibu yakaja chini kidogo. Daktari wala hakushtuka: ale, apone, tutarudia. Akaongeza TSH, kipimo cha kuangalia hiyo tezi ya shingo. Kagua pia karatasi ya majibu. Yetu ilikuwa na viwango vya watu wazima, ikabidi nirudi dirishani kudai vya umri wake na jinsia yake.

Kilichotusaidia zaidi ni kadi ya kliniki na tepu. Kuanzia miaka 4 hivi hadi kabla ya balehe, mtoto huongezeka kama sm 5 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya sm 4 kwa mwaka, fuatilia. Mpime bila viatu, visigino vikiwa ukutani, nywele zimefumuliwa (rasta za utosini humpa urefu wa bure!), kisha rudia baada ya miezi 6. Kumpima kila wiki ni kujitafutia presha.

Eksirei ya mkono wa kushoto ilionyesha mifupa yake iko nyuma ya umri. Upungufu wa homoni nao huchelewesha mifupa, kwa hiyo picha hiyo haiamui peke yake, lakini kasi yake ya kukua ilikuwa nzuri, na baba yake naye alichelewa, akarefuka akiwa kidato cha tatu. Mwenye binti aulizie pia kipimo cha kromosomu, maana hali ya Turner (msichana kukosa kromosomu moja ya X, yote au sehemu) wakati mwingine huonekana kwa ufupi tu.

Kipimo cha kuchochea homoni ya ukuaji kwa dawa ya klonidini au glukagoni, mtoto hajala, damu ikichukuliwa kila nusu saa hivi, hufanyika hospitali chini ya uangalizi, kwani klonidini hushusha presha. Sisi tutakifikia kasi ikishuka. Kuwa wa mbele mstarini shuleni kwa ufupi hakutoshi.